Kukodi Gari Tasmania: Jipange na Dipoziti

Unataka kuzunguka kisiwa cha Tasmania kwa gari: chaza wa Freycinet, mvinyo wa bonde la Tamar, matembezi Cradle Mountain? Kule wanaendesha kushoto kama hapa Kenya. Kinachoshtua wengi ni dipoziti. Ukichukua gari, kampuni hushikilia pesa kwenye kadi yako. Hazijakatwa, lakini huwezi kuzitumia, na zinaweza kukaa siku kadhaa hata baada ya kurudisha gari.

- Uliza mapema dipoziti ni ngapi, na kama kadi yako itakubaliwa.
- Pesa ya chakula na mafuta iwe kando.
- Mashine ikikuuliza shilingi au dola ya Australia, chagua dola. Kiwango cha mashine mara nyingi ni ghali.

Na ukionja mvinyo, mwachie mwenzako usukani.