Wanafunzi wa Kyiv na vita ya uzushi

Julai 12, 2014, Kituo cha Kwanza cha televisheni ya Urusi kilimwonyesha mwanamke aliyetambulishwa kuwa mkimbizi kutoka Sloviansk, mji wa mashariki mwa Ukraine. Alisimulia kwamba askari wa Ukraine, baada ya kuutwaa tena mji huo kutoka kwa wapiganaji walioiunga mkono Urusi, waliwakusanya watu kwenye uwanja wa Lenin na kumgongomea misumari ubaoni mtoto wa miaka mitatu huku mama yake akitazama.

Waandishi waliofika Sloviansk waliuliza mtu mmoja mmoja. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Hata uwanja wenye jina hilo haukuwapo. Desemba mwaka huo, kituo kilikiri hewani kwamba hakikuwa na ushahidi wa tukio hilo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini miezi mitano inatosha kupandisha hasira ambayo sahihisho moja haliwezi kuituliza.

Wataalamu wa usalama huuhesabu mchezo huu kuwa sehemu ya vitisho mseto: nchi inashambuliwa kwa mtutu, kompyuta na uvumi kwa pamoja, na mara nyingi mshambuliaji anakana kuhusika. Ukraine iliyaonja yote. Februari 2014, askari wasio na alama za nchi yoyote walijitokeza Crimea. Desemba 2015, wadukuzi walizima umeme wa wateja wapatao 225,000 nchini humo. Askari hukabiliwa na askari, na wadukuzi hukabiliwa na mafundi wa kompyuta. Uzushi unaoingia hadi sebuleni unakabiliwa na nani?

Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, ilipata sehemu ya jibu darasani. Machi 2, 2014, walimu, wahitimu na wanafunzi wa Shule ya Uandishi wa Habari ya Mohyla, wakati huo ikiongozwa na Yevhen Fedchenko, walianzisha tovuti ya StopFake. Walianza kwa kujitolea, kazi yao ikiwa kuchukua habari inayovuma, kuipima na kuchapisha walichokipata.

Mfano mmoja unaonyesha walivyofanya kazi. Mwaka huohuo picha ya mtoto aliyeketi kando ya maiti ya mama yake ilisambazwa mitandaoni ikidaiwa kupigwa kwenye mapigano ya mashariki mwa Ukraine. Picha ya namna hiyo haibishaniwi, hutafutwa ilikotoka. Ukiipeleka kwenye mtambo wa kutafuta picha, utaletewa mahali pengine ilipowahi kutokea. Hiyo ilitoka kwenye filamu ya mwaka 2010 kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nyingine zilizozagaa wakati huo zilikuwa za vita vya Syria au Chechnya, zikabandikwa maelezo mapya.

Nguvu ya wanafunzi iko hapo. Serikali inayopigana vita ikisema habari fulani ni ya uongo, msikilizaji ana haki ya kujibu kwamba ilitarajiwa iseme hivyo. Mwanafunzi hana cheo cha kuamrisha aaminiwe. Inambidi aweke picha ya asili mezani, ataje tarehe yake na aeleze alivyoipata, ili msomaji mwenye simu aweze kurudia hatua zilezile.

Maarifa hayo hayakubaki chuoni. Shirika la IREX, likishirikiana na wadau wa Ukraine wakiwamo StopFake, liliendesha mafunzo ya kupima habari yaliyowafikia raia wapatao 15,000 kupitia wakufunzi wa kujitolea. Tathmini iliyofanyika mwaka mmoja na nusu baadaye ilionyesha kwamba waliofundishwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 13 wa kuitambua na kuichambua habari ya uongo kuliko wasiofundishwa. Si muujiza, lakini ni faida iliyodumu, na haikuhitaji kumfunga mtu yeyote.

Lawama hazikukosekana. StopFake ilipata fedha za wafadhili, ubalozi wa Uingereza ukiwa mmojawapo, na swali la nani anamlipa mpimaji ni halali. Mwaka 2020 chombo kimoja cha habari cha Ukraine kiliwatuhumu baadhi ya watu wa tovuti hiyo kuwa karibu na makundi ya mrengo mkali wa kulia. StopFake ilikanusha. Anayewakagua wengine hana budi kukubali kukaguliwa kwa kipimo kilekile.

Afrika si mgeni wa kazi hii. Africa Check, shirika la kupima habari, ilianza mwaka 2012 katika idara ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na leo ina ofisi Nairobi. Huku kwetu sauti za kutengeneza na picha za nchi nyingine huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp kila uchaguzi unapokaribia, na mara nyingi jibu la kwanza la wakubwa ni kutafuta kifungu cha sheria. Sheria humkuta mzushi baada ya uzushi kuenea. Raia anayejua kupima anaukatiza njiani.

Vyuo vyetu vya uandishi wa habari vina wanafunzi, simu na intaneti. Kinachohitajika ni mwalimu wa kuwapa kazi hiyo kama sehemu ya masomo, na uongozi utakaowaachia wachapishe matokeo hata yanapomgusa mkubwa. Nawe msomaji, ukiletewa picha inayokupandisha hasira, itafute ilikotoka kabla hujaituma kwa mwingine.