Je, Wajua? Maji Moto Kanyosha: Gesi au Umeme?

Je, wajua kwamba ukiteremka kutoka Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kuelekea Rumonge utakuta chemchemi za Mugara, ambako ardhi yenyewe hutoa maji moto bila gesi wala waya? Sisi wengine lazima tuyalipie.

Je, wajua kwamba ndoo ya lita 20 haihitaji moto mkubwa? Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 24, kuyafikisha 40 za kuogea ni uniti 0.37 tu za umeme, au gramu 35 hivi za gesi.

Je, wajua kwamba tangi la lita 80 likichemshwa hadi nyuzi 60 hula uniti 3.4? Ukichanganya maji yake na ya baridi unapata ndoo tisa za kuogea. Mkiwa watu watatu nyumbani, kila mmoja na ndoo yake, joto la ndoo sita linavuja polepole, na pesa zinavuja nalo.

Je, wajua hesabu ya haraka ya bei? Kilo moja ya gesi, baada ya kutoa joto linalopotea, hufanya kazi ya uniti 11 hivi. Zidisha bei ya uniti ya Regideso, shirika la umeme, mara 11. Kilo ya gesi ikiwa juu ya hapo, umeme ni nafuu. Ikiwa chini, gesi imeshinda.

Je, wajua kwamba hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 huvuta ampea 22 hivi? Waya wa soketi ya kawaida utaungua. Idaie waya wake mnene, swichi yake na waya wa ardhini, tena kwa fundi anayejua kazi.

Je, wajua kwamba hita 3,600 za aina hiyo zikiwashwa pamoja zingemeza megawati zote 18 za bwawa la umeme la Rwegura? Ndiyo maana jioni, kila mtu anapotaka kuoga, umeme huelemewa.

Je, wajua kwamba hita nyingi za gesi huwashwa na betri mbili za tochi? Umeme ukikatika, bado unaoga. Lakini bomba likitiririka kidogo, hita haiwaki kabisa. Pima kwanza nguvu ya maji yako, hasa kama unakaa mlimani.

Je, wajua kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa? Ikivuja hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu yake usiguse swichi yoyote: funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Je, wajua kwamba muuaji mkubwa hana harufu? Ni kaboni monoksidi, inayotoka kwa hita ya gesi iliyofungwa bafuni na kwa mbabula ya makaa iliyoingizwa chumbani vilevile. Kichwa kikianza kuuma na magoti kulegea, kimbilia nje. Hita ya gesi mahali pake ni ukuta wa nje, penye upepo.

Uchague ipi? Umeme wako hukatika mara kwa mara na bomba lina nguvu: gesi, nje ya nyumba. Umeme umetulia na waya ni imara: hita ya umeme. Maji yenyewe ni ya kubahatisha: sufuria kwenye jiko la gesi, dirisha wazi, inatosha. Ikiwa pesa hazitoshi hita na fundi mzuri pamoja, mlipe fundi kwanza, hita isubiri.