Kutoka Alaska hadi Argentina kwa baiskeli: watoto wa miaka 10 waliwezaje?

Machi 2011, familia ya watu wanne kutoka Boise, jimbo la Idaho nchini Marekani, iliwasili kwa baiskeli Ushuaia, mji ulio kusini kabisa mwa Argentina. Ilikuwa imeanza safari Juni 2008 huko Prudhoe Bay, Alaska, kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki. Kati ya sehemu hizo mbili familia hiyo ilipita nchi 15 na kuendesha zaidi ya kilomita 27,000.

Baba na mama walikuwa walimu. Watoto wao, wavulana mapacha, walianza safari wakiwa na miaka 10 na kuimaliza wakiwa na miaka 13. Mama, Nancy Sathre-Vogel, baadaye aliisimulia safari hiyo katika kitabu chake, Changing Gears.

Wapo wanaoiona safari kama hiyo kuwa zawadi kubwa kwa mtoto. Wapo pia wanaouliza kama mzazi ana haki ya kumtoa mtoto shuleni na kumlaza kwenye hema kwa karibu miaka mitatu. Ili kujibu, kwanza inafaa kuelewa safari ya namna hiyo inafanyikaje.

Mwendo wa mtoto ndio mwendo wa familia

Mwaka 2018, mwendesha baiskeli wa Austria Michael Strasser alitoka Alaska hadi kusini mwa Argentina kwa siku 84. Aliendesha wastani wa kilomita 270 hivi kwa siku. Familia ya Boise ilitumia siku 1,000 hivi. Ukigawa kilomita zao kwa siku hizo, ukijumlisha na siku ambazo hawakusafiri kabisa, unapata kilomita 27 tu kwa siku.

Hapo ndipo ilipo siri ya safari hizi. Mtu mzima anaweza kujikaza akiwa amechoka, lakini mtoto aliyeishiwa nguvu husimama, hulia au huanguka. Kwa hiyo ratiba hupangwa kwa kumwangalia aliye mdogo kuliko wote. Familia huendesha saa chache asubuhi, hupumzika mara kwa mara, hula kidogo kidogo njia nzima, na hufunga hema jua likiwa bado juu ili watoto wapate muda wa kucheza.

Wazazi hawa pia hawakuanzia Alaska bila kujaribu. Miaka miwili kabla yake walikuwa wamesafiri na watoto hao kwa takriban mwaka mzima nchini Marekani na Mexico. Wakati huo baba aliendesha baiskeli ndefu ya watu watatu, watoto wakiwa nyuma yake, na mama akawa na yake. Baiskeli ya aina hiyo humwezesha mtoto kusaidia kukanyaga pedali huku mtu mzima akishika usukani na breki. Kwa mtoto ambaye bado hawezi kukanyaga, familia nyingi hutumia trela dogo lenye mikanda na paa, linalovutwa na baiskeli ya mzazi.

Chakula na maji

Yeyote aliyewahi kufunga mkungu wa ndizi au debe la maji kwenye keria anajua kwamba mzigo ukikaa juu sana baiskeli huyumba, na ukilegea huingia kwenye spoki. Wasafiri wa masafa marefu hufuata kanuni hiyo hiyo. Mifuko miwili hufungwa pande zote za gurudumu la nyuma, mingine ya mbele, na vitu vizito hukaa chini.

Ndani ya mifuko hiyo kuna hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo, nguo za mvua na za baridi, dawa, pampu, viraka vya pancha, tyubu na spoki za akiba. Lakini mzigo unaobadilisha kila kitu ni chakula na maji.

Tuchukue barabara ya Dalton, ambayo kila anayeanzia Prudhoe Bay lazima aipite. Ina urefu wa kilomita 666, sehemu kubwa ni changarawe, na ilijengwa mwaka 1974 kuhudumia visima vya mafuta na ujenzi wa bomba. Kipande kimoja cha takriban kilomita 385 hakina duka wala mgahawa. Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa siku, hizo ni siku nane au tisa. Ikiwa kila mtu atakula gramu 700 za chakula kikavu kwa siku, familia ya watu wanne inahitaji kubeba kilo 25 za chakula pekee.

Kwenye jangwa la pwani ya Peru na kaskazini mwa Chile, tatizo hugeuka kuwa maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Watu wanne wakitumia lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupika, ni kilo 20 kwa siku moja tu.

Kulala nje

Mahali pa kulala hutegemea nchi. Kuna viwanja vya kambi vyenye bafu, kuna nyumba za wageni za bei nafuu, na kuna sehemu ambazo mtu huomba ruhusa kwa mwenye shamba. Kuwa na watoto mara nyingi hufungua milango, kwa sababu watu humhurumia mtoto kabla ya kumshuku mzazi.

Alaska ina sharti lake, yaani dubu. Wasafiri hupika mbali na hema, na chakula huhifadhiwa kwenye vyombo vigumu, takriban mita 100 kutoka wanapolala. Hata dawa ya meno haiingii ndani ya hema, kwa kuwa harufu yake humvuta mnyama huyo.

Na shule je?

Nchini Marekani, sheria za majimbo yote zinaruhusu mzazi kumfundisha mtoto mwenyewe. Ndiyo maana familia hii iliweza kuondoka bila kuvunja sheria. Nchini Ujerumani hali ni tofauti. Huko mtoto analazimika kuhudhuria shule, na mzazi anayemtoa kwa miaka mitatu bila kibali hujitafutia faini na kesi.

Kwa wazazi ambao ni walimu, ramani, mabadiliko ya fedha na lugha ya Kihispania huwa masomo ya kila siku. Lakini kuna kitu ambacho barabara haitoi kwa urahisi, nacho ni marafiki wa rika moja wanaoonana kila siku. Hiyo ni gharama ya kweli, na mzazi anayepanga safari ndefu anapaswa kumsikiliza mtoto mwenyewe, na kukubali mapema kwamba neno lake la kutaka kurudi nyumbani litaheshimiwa.

Hatari kubwa kuliko dubu

Watu wengi wakifikiria safari hii huogopa wanyama au majambazi. Lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Kwa familia iliyo juu ya baiskeli, adui mkubwa ni gari linalopita kwa kasi.

Ndiyo maana mzazi mmoja hutangulia na mwingine hufunga msafara, watoto wakiwa katikati. Wote huvaa kofia ngumu na nguo za rangi kali, na hawaendeshi giza likianza kuingia. Penye barabara nyembamba isiyo na nafasi pembeni, kupanda basi si aibu. Hata kati ya Panama na Colombia, kwenye msitu wa Darién, hakuna barabara kabisa kwa takriban kilomita 100, na waendesha baiskeli kwa kawaida huvuka kwa chombo cha majini au ndege.

Kwa familia nyingi, si lazima kwenda Alaska. Njia ya kando ya mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, ina zaidi kidogo ya kilomita 300. Sehemu kubwa ni tambarare na imetengwa na magari, kwa kuwa inafuata njia za zamani ambako farasi walikuwa wakivuta majahazi. Austria pia inawalazimisha watoto walio chini ya miaka 12 kuvaa kofia ngumu. Kwa kilomita 45 kwa siku, familia huimaliza kwa wiki moja na watoto hurudi shuleni likizo ikiisha.

Watoto wa Boise walifika Ushuaia kwa sababu watu wazima walikubali kwenda polepole. Anayetaka kujaribu anaweza kuanza na usiku mmoja wa hema, kilomita 20 kutoka nyumbani, kwenye barabara yenye magari machache. Asubuhi yake mtoto mwenyewe atasema kama anataka kuendelea.