Jirani wa Ng'ambo ya Ukuta

Leo tutafakari Yeremia 29:4-7.

Watu wa Yuda wamechukuliwa mateka Babeli, nao wanahesabu siku za kurudi kwao. Nabii anawaandikia barua wasiyoitarajia: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wauombee mji ule ule walikopelekwa, kwa sababu mji ukiwa na amani, na wao watakuwa nayo. Mungu hakutaka wakae pale kama abiria wanaongoja basi.

Neno hili linatugusa sisi tunaoishi pembezoni mwa mji wa Moshi. Asubuhi daladala na bodaboda zinatushusha kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi kwenda sokoni, maofisini na KCMC. Jioni zinatupandisha tukalale. Vihamba vilivyolisha ukoo mzima kwa ndizi na kahawa vimegawiwa wana, kisha wajukuu, hadi kipande kilichobaki kinatosha nyumba tu. Kingine kimeuzwa, na mnunuzi amejenga, akazungusha ukuta na kuweka geti.

Kujenga si dhambi. Barua ya Yeremia yenyewe inaagiza kujenga. Lakini inaagiza pia kuutafutia mahali pale heri. Je, tumefanya yote mawili?

Wazee wa Kichagga waliweka mpaka kwa kupanda masale. Jani la sale hilo hilo ndilo mtu alilopeleka kwa aliyemkosea, kuomba msamaha, na ilikuwa vigumu kulikataa. Kwa hiyo dawa ya ugomvi iliota pale pale mpakani. Ukuta wa tofali hauoti jani.

Fikiria pia mifongo iliyoleta maji kutoka mlimani. Maji yalitumika kwa zamu. Wa juu akiziba, wa chini anakosa. Watu walilazimika kujuana na kutoka pamoja kusafisha mfereji. Leo kila nyumba ikiwa na bomba lake, tunaweza kukaa miaka mitano bila kujua jina la jirani, tukaja kulisikia siku turubai la msiba linapofungwa.

Sisi wageni tunaishi huku, lakini moyo uko kwingine. Sadaka tunatoa, ila jumuiya inayosali nyumba kwa nyumba haijawahi kutuona. Wenyeji nao wana sehemu yao: mtu amekaa miaka kumi, bado anaitwa wa kuja. Na mbaya zaidi, wapo ndugu wa tumbo moja wanaoshiriki meza moja ya Bwana huku hawasalimiani kwa sababu ya hatua tatu za kihamba. Wapo wajane wanaosukumwa watoke kwenye ardhi waliyoilima na waume zao. Habari ya Nabothi, katika 1 Wafalme 21, inatukumbusha kwamba Mungu huona shamba linaponyang'anywa, hata kama karatasi zimepigwa mhuri.

Mpendwa, wiki hii fungua geti. Mjue jirani kwa jina. Nenda jumuiya. Na kama kuna ndugu mliyegombania mpaka, usingoje vikao vya Desemba ukoo utakapokusanyika. Tangulia wewe, hata kama sale halipo tena.

Bwana atupe amani mahali tunapoishi, na jirani zetu waipate kupitia kwetu. Amina.