Nauli ya Simuni na Ada ya Langoni

Huko Tarbaj, katika kaunti ya Wajir, mwenye kutaka gari la kumfikisha Wajir mjini huzungumza na dereva kwanza. Hutajwa idadi ya watu, hutajwa mizigo, na mbuzi pia kama yumo. Kisha hutajwa nauli, na wakikubaliana ndipo watu hupanda. Apandaye bila ya kujua atalipa kiasi gani huonekana mgeni wa dunia. Watu wa huko, ambao wazee wao walisafiri kwa ngamia kabla ya magari, hawakungoja kufundishwa jambo hili na mtu wa Nairobi.

Tumelitaja kwa kuwa jamaa zetu wa kaskazini mashariki, kama sisi wa Mombasa na Lamu, wengi wao huondokea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta waendapo Umra, au kuwazuru watoto wao walio London na Minneapolis. Bibi atokaye Tarbaj hufikia Eastleigh kwa jamaa, na siku ya safari mjukuu humwitia gari kwa simu. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, zikafuata nyingine, nasi hatuna neno baya juu ya huduma yenyewe: mama asafiriye peke yake hujua jina la dereva na nambari ya gari kabla hajatoka nyumbani, na nauli huiona mbele ya macho yake.

Taabu huja mwisho wa safari. Dereva husema kuna ada ya maegesho ya uwanjani, haimo katika nauli. Ikiwa walipita barabara ya juu, ile Nairobi Expressway, kuna malipo yake pia, ambayo kwa gari dogo yalipandishwa Januari 2024 yakawa kati ya shilingi 170 na 500 kwa kadiri ya mwendo. Bibi fedha zake amehesabiwa na wanawe, kila mmoja ametoa alichoweza, na hapo mlangoni, saa ya ndege ikikaribia, hana nafasi ya kuuliza wala lugha ya kubishana. Hulipa tu.

Dereva naye tusimwonee. Kampuni hukata sehemu yake kwanza. Kanuni za serikali za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18. Katika kinachobaki mna mafuta, na mara nyingi haki ya mwenye gari. Akitoa ada ya uwanja mfukoni mwake, safari ile huenda isimwachie kitu. Ndiyo maana wako wanaowaomba abiria watembee na mizigo hadi nje.

Mambo haya si ya Kenya pekee. Los Angeles, magari ya namna hii yaliporuhusiwa kuchukua abiria uwanjani, yaliwekewa ada ya dola 4. Uwanja wa Heathrow, London, tangu Novemba 2021 hutoza kila gari lishushalo mtu mlangoni. Ulianza na pauni 5, na hata kijana ampelekaye mamake hulipa. Wenye uwanja wana barabara na walinzi wa kugharimia, hatubishani nao.

Sisi tunauliza juu ya ujira kujulikana. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kisomwacho Lamu na Wajir vilevile, maana sote ni Mashafii, mlango wa ijara wakataza kukodi mnyama kwa malipo ya malisho yake, na kumwajiri mtu achune mnyama kwa malipo ya ngozi yake. Malisho hayajulikani kipimo, na ngozi haijulikani unene wake mpaka imekwisha kutoka. Tofautisha na ushuru wa abiria wa ndege, shilingi 600 kwa safari za ndani na dola 50 kwa za nje: ni mzito, lakini umo katika tiketi, na mtu huujua siku anaponunua.

Basi dada zetu, ninyi ndio hasa mnaowaitia wazee magari. Someni chini ya nauli kama maegesho na barabara ya kulipia vimo. Kama havimo, mpigieni dereva kabla hajafika, mkubaliane kiasi na njia ya kupita. Alicholipa kwa idhini yenu ni deni juu yenu, hata kama simu haikukionyesha. Alichokizusha langoni, pasina mapatano wala risiti, hakimlazimu bibi. Akimpa, ni hisani yake.

Na arudiye na dumu la Zamzam na masanduku mawili, mahali pa kuchukuliwa pawe katika mapatano, patajwe kwa jina dereva akiwa bado hajaliondoa gari.