Kilichomo Ndani ya Gundi ya Plasta

Plasta ikiachia usiku, mtoto aliyeishiwa maji mwilini hupoteza kanula, na mshipa uliopatikana kwa taabu hutafutwa upya. Katika mji kama Itigi, wenye kiangazi kirefu na vumbi jingi, chanzo chaweza kuwa katika gundi yenyewe.

Msingi wa gundi ya plasta nyeupe ya roli, kwa kawaida, ni mpira wa asili. Mpira huipa gundi nguvu ya kujishikilia isiburuzike, lakini mpira mtupu haunati ipasavyo kwenye ngozi. Ndiyo maana huchanganywa na utomvu mkavu wa msonobari, uitwao kolofoni, unaoiwezesha gundi kutandaa na kuingia katika mikunjo midogo ya ngozi inapobonyezwa. Utomvu ukizidi mno, gundi hukakamaa na mnato hutoweka. Lanolini huilainisha, nayo ikizidi, plasta huteleza na kuacha masalia. Kisha kuna oksidi ya zinki, ambayo huikaza gundi na kupunguza ukali wa asidi za utomvu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya Leukoplast, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1901, kuvumilika kwenye ngozi.

Joto na jua huvuruga mizani hiyo. Oksijeni hukata minyororo mirefu ya mpira, na gundi hugeuka kama ulimbo wa kunasia ndege. Roli iliyoachwa dirishani, au kwenye stoo ya bati isiyo na dari, yaweza kuharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Mafuta ya kujipaka nayo hupenya na kuilegeza gundi. Basi futa ngozi, ikauke, bandika bila kuivuta plasta, kisha bonyeza kwa kiganja. (Mafuta hayohayo yatakufaa siku ya kubandua.)

Upele unaowasha, wenye umbo la plasta, ukitokea baada ya siku 1 hadi 3, fikiria kwanza mzio wa kolofoni kabla ya kuandika antibiotiki. Mgonjwa akivimba uso au kupumua kwa shida ndani ya dakika chache, huenda ni mzio wa protini za mpira: ondoa plasta na glovu za mpira, na uanze huduma ya dharura. Katika faili lake andika wazi aina ya plasta iliyomdhuru; safari ijayo afungwe bendeji, au abandikwe plasta ya akriliki isiyo na kolofoni.