Ngozi Ikaguliwe Kabla ya Mkeka

Klabu ya judo, mieleka au raga ikipata wachezaji wawili watatu wenye majipu, jambo la kwanza linalofanyika ni kusugua. Mkeka unapigwa deki kwa Jiki, glovu zinaanikwa juani, na wiki nzima ukumbi unanukia dawa. Si vibaya, usafi wa vifaa una kazi yake na nitaufikia. Lakini uchunguzi wa milipuko ya magonjwa ya ngozi michezoni, uliofanywa kwa zaidi ya miaka 30 sasa, unatupeleka kwingine. Chanzo kikuu ni ngozi ya mwenzako unayekabana naye, mlango ni mchubuko ulio kwenye ngozi yako, na anayeukata ugonjwa njiani ni kocha anayekagua wachezaji kabla ya mazoezi na kumpumzisha mgonjwa bila kumwadhibu. Klabu inayosugua mkeka kila siku na haikagui watu imefanya nusu ya kazi, tena ile nusu ndogo.

Tuanze na kambi ya mieleka ya vijana wa sekondari iliyofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1989. Kwa muda wa wiki 4 vijana 175 walifanya mazoezi pamoja, na 60 kati yao, yaani asilimia 34, wakapata malengelenge yanayosababishwa na virusi vya herpes simplex aina ya kwanza, virusi vilevile vinavyoleta vidonda vya midomoni. Asilimia 73 ya wagonjwa walikuwa na vidonda kichwani na usoni, mahali ambapo wanamieleka husuguana wanapokabana shingo kwa shingo. Vijana waligawanywa katika makundi ya mazoezi kwa uzito. Kundi la wepesi liliambukizwa kwa asilimia 25, kundi la wazito kwa asilimia 67. Tofauti kubwa namna hiyo, kundi kwa kundi ndani ya kambi moja, inaonyesha kwamba kilichoamua nani augue ni nani alikabana na nani. Na waliokumbuka kupambana na mwenzao aliyekuwa na vipele ndio walioambukizwa zaidi. Maana yake ni kwamba vipele vilionekana, na mazoezi yakaendelea.

Mfano wa pili ni wa watu wazima wanaolipwa vizuri na kutunzwa na madaktari. Msimu wa 2003 timu ya futiboli ya Kimarekani ya St. Louis Rams ilipata maambukizi 8 ya majipu kwa wachezaji 5 kati ya 58. Bakteria waliohusika ni stafilokoka sugu, wale wasiosikia methisilini wala dawa nyingine za jamii ya penisilini. Maambukizi yote yalianzia penye michubuko ya nyasi bandia. Wachunguzi walipima pua za wachezaji na wafanyakazi, wakapima vifaa na mabwawa ya maji moto, wakakuta stafilokoka wa kawaida katika asilimia 42 ya pua. Wale sugu hawakuwaona puani wala kwenye vifaa. Walichokiona ni mwenendo: taulo moja kupita kwa watu kadhaa uwanjani, wachezaji kuingia katika maji ya pamoja bila kuoga kwanza, na wahudumu kufunga vidonda mmoja baada ya mwingine bila kunawa. Mwaka huohuo, katika timu ya chuo kimoja jimbo la Connecticut, wachezaji 10 kati ya 100 walipata maambukizi ya bakteria wa aina hiyo. Waliochubuliwa na nyasi bandia walikuwa na hatari ya mara 7 hivi kuliko wenzao, na walionyoa nywele za mwilini mara 6 hivi. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na bakteria hawahitaji zaidi ya hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi. Namna ya kuufanya ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, ila una mambo ya kujua. Ufanyike penye mwanga mzuri, kabla mtu hajavaa vazi la mazoezi na kabla jasho halijatoka. Angalia uso, nyuma ya masikio, kisogo na mstari wa nywele, kisha shingo, makwapa, mikono mpaka kati ya vidole, mgongo, magoti na nyayo. Dakika moja kwa kila mtu inatosha. Picha nyingi za vitabuni zimepigwa kwenye ngozi nyeupe na zinamfundisha kocha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta ngozi iliyokoza rangi kuliko pembeni yake, inayong'aa kwa kuvimba, iliyo na joto ukiikaribia kwa mkono, na muulize mwenyewe kama inauma. Jipu changa hufanana na alama ya kung'atwa na mdudu, na wachezaji wengi ndivyo wanavyolieleza. Malengelenge ya herpes hukaa kwa vishada, madogo madogo, na mara nyingi hutanguliwa na mwasho au kuchonyota. Kidonda chenye kigaga cha rangi ya asali ni dalili ya bakteria. Kinachowasha usiku na kuanzia kati ya vidole kinaweza kuwa upele, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Choa kinastahili maelezo zaidi kwa sababu ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Kwa wapiganaji husababishwa hasa na kuvu aitwaye Trichophyton tonsurans, na si lazima kiwe duara kamili lenye ukingo. Siku za mwanzo ni baka dogo lenye magamba. Katika miji yetu mtu akiona baka hilo huenda duka la dawa akapewa mafuta ya kupaka yenye mchanganyiko wa dawa ya kuvu, antibayotiki na steroidi kali. Steroidi hutuliza mwasho na kufifisha alama, mchezaji akadhani amepona, kumbe kuvu anaendelea kutambaa chini ya utulivu huo na kuwafikia wenzake. Baka la aina hiyo likija kuonekana na daktari, hata yeye hupata tabu kulitambua. Kama baka ni choa, tumia dawa ya kuvu peke yake. Na kama ni mapunye ya kichwani, mafuta hayatoshi, vidonge vinahitajika.

Kocha atauliza, na ana haki kuuliza: nikimpumzisha kila mwenye kipele, nitabaki na nani wiki mbili kabla ya mashindano? Jibu ni kwamba mapumziko yenyewe ni mafupi kuliko anavyohofia. Kanuni za mieleka ya vyuo vya Marekani zinataka mwenye maambukizi ya bakteria awe ametumia antibayotiki kwa saa 72, asiwe na kidonda kipya kwa saa 48, na kusiwe na kidonda chochote kibichi. Choa cha mwilini kinahitaji saa 72 za dawa ya kupaka, mapunye ya kichwani siku 14 za vidonge, na herpes angalau saa 120 za dawa ya virusi huku vidonda vikiwa vimekauka. Mchezaji huyo anaweza kukimbia, kuruka kamba na kupiga gunia lake peke yake muda wote huo. Linganisha na kambi iliyopoteza theluthi ya vijana wake. Kumfunika plasta na kumrudisha mkekani si njia ya mkato, kwa maana kanuni hizohizo haziruhusu kidonda chenye usaha kifunikwe ili mtu apambane; katika kukabana plasta hubanduka dakika za mwanzo.

Wapo pia wanaosema vijana wetu wamezoea, miili yao ina kinga. Kwa herpes kuna ukweli kidogo, kwani aliyekwisha kuambukizwa ana kinga fulani. Ila virusi vyenyewe hubaki mwilini maisha yote, hujificha kwenye mishipa ya fahamu na huweza kurudi mwili unapochoka, na vikifika jichoni vinaweza kuharibu kioo chake. Dhidi ya majipu hakuna mazoea yanayokinga. Na vidonda vya ngozi vya streptokoka, ambavyo wazazi wengi huviona vya kitoto, vinaweza kuleta ugonjwa wa figo wiki chache baada ya ngozi kuambukizwa. Basi, watauliza wengine, kwa nini tusiwape wote antibayotiki mapema? Kwa sababu kila dozi isiyohitajika huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Amoksilini inayonunuliwa kiholela haiwagusi stafilokoka walio wengi, wala hao si sugu wa Rams bali ni wa kawaida kabisa. Penye virusi hali ni tofauti kidogo: kambi za mieleka za Minnesota zimepunguza milipuko ya herpes kwa dawa za kuzuia, chini ya uangalizi wa daktari.

Hoja ya wanaosema hawana maji ya kuogea ni nzito zaidi, na haijibiwi kwa kuhubiri. Kumbi nyingi hazina bafu. Lakini ndoo moja, kopo na kipande cha sabuni cha mtu mwenyewe, mara tu baada ya mazoezi, vinatosha kuosha uso, shingo, mikono na michubuko kabla mtu hajapanda daladala na jasho la wenzake mwilini. Kinachopaswa kuondoka ukumbini leo hii ni ile ndoo nyingine, ya sponji moja linalofuta nyuso za wachezaji sita. Kila mtu awe na taulo lake, bendeji zake za mkono na kikinga meno chake. Glovu za klabu zikaushwe kwa kitambaa ndani na zisifungiwe mfukoni zikiwa mbichi. Mkeka uoshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu hula nguvu ya klorini, kisha upakwe mchanganyiko mpya wa siku hiyo. Kwa Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji hutoa asilimia 0.1, mkeka uachwe na unyevu dakika 10, halafu usuuzwe. Jiki isipakwe mwilini kamwe.

Linabaki suala la aibu, na hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Mchezaji atakayetangazwa mbele ya wenzake atajifunza kuficha: atavaa mikono mirefu, atapaka poda juu ya baka, atakuja akiwa amechelewa ili aukwepe ukaguzi. Wasichana wakaguliwe na mwanamke, mahali pa faragha, na kila anayekaguliwa aruhusiwe kuonyesha sehemu moja moja huku amejisitiri kwingine. Kocha naye akaguliwe, maana naye hushika kila mtu. Aliyejitokeza mwenyewe na kidonda asinyang'anywe namba yake kikosini; siku zake za mapumziko zihesabiwe kama za aliyeteguka kifundo. Vyama vya michezo vinaweza kusaidia kwa hatua moja isiyo na gharama kubwa: pale wanapopima uzito kabla ya pambano, aongezwe mhudumu wa afya mwenye taa na fomu. Mpambanaji amekwisha kuvua, foleni ipo, na mwenye kidonda kibichi harudi nyumbani na lawama bali na barua ya kumwona daktari na tarehe ya kukaguliwa tena.